Milimita Mbili Kamili

Asubuhi ile programu ilimgomea tena, na mchambuzi wa vipimo wala hakushtuka. Mashine ilidai kwamba safu mbili hazilingani: tarehe zilikuwa elfu moja na tisini na sita, vipimo elfu moja na tisini na tano. Kosa hilo alilizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Tarehe huandikwa na kompyuta yenyewe usiku wa manane, kipimo hutumwa saa kumi na mbili asubuhi na kifaa kilichofungwa juu ya mlima, na kifaa hicho kilikuwa na uvivu wake. Akafanya alivyofundishwa. Akafuta tarehe ya mwisho, safu zikalingana, programu ikanyamaza.

Kazi yake ilikuwa moja, kuuangalia ufa. Mlima ulikuwa umechanika juu ya machimbo ya zamani ya mawe, na chini ya machimbo kulikuwa na nyumba kumi na moja. Kila siku kifaa kilipima upana wa ufa kwa waya uliofungwa toka ukingo mmoja hadi wa pili. Kila mwisho wa mwezi programu ilivikusanya vipimo vyote, ikatafuta mstari unaovipitia kwa karibu zaidi, kisha ikasema ufa unapanuka kwa kasi gani. Nyumba ya nne ilikuwa ya mama yake.

Jibu likatokea: milimita 2.000 kwa mwaka.

Fundi wa vifaa, jirani yake wa meza, akachungulia akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mlima wako una adabu kweli," akasema. "Mvua wiki tatu mfululizo, ukuta wa kwangu umevimba, lakini wewe bado ni mbili na sifuri zako tatu."

"Muulize Desimali," akajibu. Ndivyo walivyomwita mstaafu aliyeiandika programu ile, kwa kuwa hata umri wake aliutaja kwa desimali tatu.

Walicheka wote wawili, lakini utani ule ukamkaa kama mchanga ndani ya kiatu. Mwezi uliopita ilikuwa 2.000. Mwaka mzima tangu akabidhiwe kiti hiki ilikuwa 2.000, naye alikuwa akiifurahia, maana namba iliyotulia haimpi mtu kazi. Ni kitu gani hapa duniani kisichobadilika hata nukta?

Akaifungua programu ndani. Hesabu za namna hii hazianzi hewani. Unazipa makisio ya kuanzia, nazo huyasogeza kidogo kidogo mpaka mstari uvikaribie vipimo. Desimali alikuwa ameandika makisio ya 2. Akafuta mbili, akaweka tano, akaendesha.

Jibu: 5.000.

Akaweka mia saba. Programu, kwa heshima zote, ikajibu 700.000.

Kumbe haikuwa imepima chochote. Ilikuwa inamrudishia mtu kile kile alichoingiza, na sifuri tatu za kukipamba. Chanzo akakipata ndani ya dakika kumi. Mwaka wa kwanza kifaa kilizimika siku mbili, na zile nafasi mbili Desimali aliziacha tupu ndani ya safu. Nafasi moja tupu inatosha kuiua hesabu nzima, kwa sababu namba ukiijumlisha na kitu kisicho namba hupati namba. Mashine ilikuwa imejaribu kusema. Juu kabisa ya programu Desimali alikuwa ameandika mstari wa kuzima maonyo yote, na pembeni yake maneno haya: yanapiga kelele bure.

Alimchukia mzee yule kwa dakika nzima. Kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu mstari huo aliwahi kuuona, akatabasamu.

Miezi minne iliyopita vijiwe vilianza kuporomoka, na watu wote wa nyumba kumi na moja wakahama. Ni yeye aliyempelekea mama yake ripoti iliyosainiwa, akamwambia milimita mbili kwa mwaka ni unene wa sarafu. Mama alirudi nyumbani siku ile ile. Karatasi akaibandika mlangoni.

Akaziondoa nafasi mbili tupu, akaendesha upya. Safari hii vitone havikutaka mstari ulionyooka. Vilikwenda vimelala kwa miaka karibu mitatu, na katika wiki tatu za mwisho vikanyanyuka. Akabadilisha hesabu, akatumia mkunjo unaopinda kwenda juu, akauliza ni siku gani utasimama wima, kwa sababu mkunjo ukisimama wima mlima hauna tena cha kushikilia. Programu ikampa tarehe ya leo, kwa uwezekano wa kukosea siku moja.

"Fundi," akaita, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Waya wa kifaa cha mlimani unavutika mpaka wapi?"

"Sentimita arobaini. Ukipita hapo unakatika, dada. Kwani vipi?"

Kipimo cha jana kilikuwa sentimita thelathini na moja. Akaitazama saa ukutani: saa nne na robo. Tarehe aliyoifuta asubuhi haikuwa na kipimo, na sasa alijua kwamba kipimo hicho hakikuchelewa njiani.

Fundi aliukodolea macho mkunjo, akaweka kikombe mezani, akakimbilia ofisi ya mkuu kupiga simu za uokoaji. Yeye akampigia mama.

"Mama, toka nyumbani sasa hivi. Usichukue kitu. Panda barabara ya upande wa pili."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mlima. Namba niliyokupa haikuwa kweli."

"Ile ya mlangoni?"

"Ile ile. Nimekosea, mama. Toka."

"Nakuja. Ngoja niwaambie wenzangu."

"Watu wa uokoaji wanakuja, watawaambia wao."

"Watafika saa ngapi?" Tayari alikuwa akitembea, pumzi zikisikika. "Hawa walikuwa wameshahama. Walirudi kwa sababu yangu, niliwaita mmoja mmoja wasome saini yako. Sasa nipite milangoni kwao nikimbie kimya kimya?"

Akasikia mama akigonga. Hodi, hodi, tokeni, acheni vyombo. Mlango ukafunguka, mtoto akalia, viatu vikakimbia. Hodi nyingine, mpaka nyumba tatu za kwanza zikaisha, mama akageukia zilizofuata yake. Yeye akaanza kuhesabu, ndicho kitu pekee alichojua kufanya. Nyumba ya saba. Ya nane. Nyumba ya tisa walichelewa kufungua, akajikuta anamsihi mama awaache, na aibu ikamshika kwa kuyatamka hayo.

"Zimebaki mbili, mwanangu," mama akasema, akihema. "Usilie. Umesema mwenyewe umekosea, yatosha."

Hodi, nyumba ya kumi.

Mngurumo aliusikia kwanza ndani ya simu. Sekunde mbili baadaye kikombe cha fundi kikaanza kugongagonga kisahani chake pale mezani. Kilipotulia, simu bado haikuwa imekatika, sekunde zake ziliendelea kuhesabika kwenye kioo. Aliita mama, akaita tena, akasubiri. Mkononi mwake hamkuwa na kitu kingine cha kuhesabu.