Mama Mkwe Jukwaani

Kwa miezi miwili, mpaka rangi mmoja alijitolea kupamba jukwaa la kikundi cha maigizo cha mtaani kwao. Alipaka ukuta huku wenzake wakifanya mazoezi, hata maneno ya mchezo wote yakamkaa kichwani.

Siku ya onyesho, mwanamke anayeigiza mama mkwe aliamka sauti imemkauka kabisa. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni.

"Maneno yake ninayajua," mpaka rangi akasema.

Wakamvika gauni juu ya suruali yenye madoa ya rangi. Kwa kuwa hakuwahi kuigiza, akamwiga mama mkwe wake mwenyewe: mkono kiunoni, kikohozi kidogo, kisha lawama. Watu wakavunjika mbavu. Ndipo akamwona mama mkwe huyo safu ya mbele, ametulia tuli.

Onyesho lilipoisha, mama akamfuata nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama," mpaka rangi akasema.

"Marahaba. Hivi mimi ndivyo nilivyo?"

Mpaka rangi akaanza kuvua gauni haraka haraka.

"Basi umenipunja, baba. Mimi ni mkali zaidi. Mazoezi ni lini?"

Sasa nafasi ya mama mkwe mchezoni ni ya mama huyo mwenyewe, na hakuna anayemtangulia kufika mazoezini.