Usafi wa Bwawani

Gerson, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa na jambo moja tu kichwani: uchaguzi. Na wa kumvusha walikuwa ndege. Si ndege wote. Domomwiko, wale weupe wenye mdomo bapa kama mwiko wa ugali, waliokuwa wakishinda kwenye bwawa nje ya Ntalikwa wakikoroga tope. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuwaona. Akiwapenda, barabara italetwa mpaka bwawani, na nani tena atamng'oa Gerson kwenye kiti?

Sasa mgeni rasmi anapokelewaje? Kwa usafi, jamani, si ndivyo tulivyozoea! Gerson akawatoa watu na majembe. Wakafyeka matete, wakazoa tope lote, wakachimba mpaka bwawa likawa na kina cha kumzamisha mtu, kisha wakapanga mawe kandokando na kuyapaka chokaa. Ngollo, mfugaji aliyehamia kutoka Igunga, akaambiwa ng'ombe wake wasikanyage tena pale. Akawahamishia kwenye dimbwi lililo nyuma ya zizi lake.

"Na ndege wenyewe mmewauliza?" Recheli, mke wa Gerson, alisema.

"Mama, mambo ya uongozi niachie mimi."

Siku ikafika. Turubai limefungwa, spika zinanguruma, maji yanang'aa, na ndege hakuna hata unyoya. Gerson jasho likamtoka. Ndipo mtu akaonyesha kidole kule kwa Ngollo. Domomwiko wote walikuwa huko, pamoja na yangeyange, katikati ya kinyesi cha ng'ombe, tope limewafika magotini, wanakoroga raha mustarehe.

Mgeni rasmi akaenda na suti yake, akapiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Gerson alisimama kando akaelewa yote. Chakula chao kilikuwa topeni, naye alikizoa akakitupa. Aibu ilimshika kwelikweli.

"Mwenyekiti," mgeni akageuka, "ndege wazuri sana. Barabara mtapata. Ila hapa pachafu mno. Nikirudi nikute pamesafishwa."

Ngollo akamtazama Gerson. Recheli naye akamtazama. Lilihitajika neno moja tu, na Gerson alikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Tumepokea, mheshimiwa," akasema, akaanzisha makofi.

Na chokaa ilikuwa imebaki.