Mwite kwa Jina Lake

Neno inu kwetu lina kazi mbili. Ni mbwa alalaye mlangoni, na ni mtu anayewachongea wenzake serikalini. Mume wangu Yasuhei walimwita inu kwa maana hiyo ya pili, na mpaka leo damu inanichemka.

Kosa lake nini? Mkuu wa kijiji, mzee Kuramochi, aliruhusu malori yamwage taka juu ya chemchemi inayonywesha mashamba yetu ya mpunga. Yasuhei akaenda mkoani akasema. Malori yalikoma, na kijiji kizima, watu wanaokula mchele wa maji yale yale, kikatutenga. Salamu hakuna, kusaidiana kupanda mpunga hakuna, hata ngoma za sikukuu tulizisikia kwa mbali. Desturi ya kutenga huacha mambo mawili tu, moto na maziko. Hapo hata aliyetengwa hufika.

Majira ya baridi ghala la Kuramochi likashika moto. Nilimwambia Yasuhei asiende. "Acha liungue, Baba Chizuru. Hao wangekuja kwetu?"

"Wangekuja," alisema, akavaa buti zake.

Alishika mpira wa maji mbele kabisa mpaka nyusi zikaungua. Moto ulipozimika, wanawake waligawa matonge ya wali kwa kila aliyeuzima. Yeye walimruka. Tonge lake mmoja akamtupia mbwa wa Kuramochi, na wengine wakacheka. Yasuhei akanawa uso, akarudi nyumbani. Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Lakini kwetu aliyeunguliwa hana budi kupita kila nyumba kuomba radhi, taulo jipya la zawadi mkononi. Akiruka hata moja, hana tena uso wa kuwatazama watu. Asubuhi Kuramochi alisimama mlangoni kwetu, ameinama, akasema anaiomba radhi nyumba hii kwa usumbufu.

Yasuhei alinyoosha mkono apokee. Ndivyo alivyo. Nikaushusha mkono ule.

"Nyumba haikuzima moto," nikamwambia mzee. "Aliyeuzima ana jina. Mwite."

Alibaki ameinama, theluji ikimwangukia mabegani. Majirani walikuwa wanachungulia.

"Bwana Yasuhei," akasema mwishowe, na wote walisikia. "Nisamehe."

Taulo nililipokea mimi. Ndilo ninalomfutia mbwa wetu miguu.