Kuni za Karamu

Kila Jumamosi asubuhi Ngendo alipangusa viti vya kanisa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akianzia upande wa wanawake. Siku hiyo hata hakuwa amefika katikati aliposikia ukuta ukilia. Msumari uling'olewa polepole, ubao ukaanguka nje, na jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia.

Alitoka mbio, kitambaa mkononi.

Kingori seremala alikuwa ameshika mtaimbo. Nyuma yake alisimama Mzee Moffat, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Habari ya asubuhi, mwalimu. Usishtuke. Tunaanza mapema kidogo."

"Mlisema mtabomoa baada ya Krismasi, Mzee."

"Na mgeni wa kuweka jiwe la msingi la kanisa jipya anakuja kesho. Ati apite na gari yake mbele ya kibanda kama hiki? Hata majirani wa Kiganjo watatucheka. Halafu wapishi wa karamu ya kesho wako na shida ya kuni. Hii mbao ya mtarakwa inawaka vizuri sana."

Kuni! Ngendo alitazama masufuria yaliyopangwa uani, uso ukamchoma.

Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, wanaume wakiwa kizuizini, au mbali kama Moffat aliyekuwa karani Nakuru, wanawake wa hapa waliingia msituni siku walizoruhusiwa. Walirudi na mbao hizi mgongoni, mukwa, ukanda wa ngozi wa kubebea mizigo, ukiwakaza kwenye paji la uso. Wakazipigilia wenyewe, hawana fundi, na ndiyo maana ukuta wa kaskazini uliinama kidogo. Mama yake Ngendo, Wamucii, alikuwa na bonde la ukanda ule kwenye paji mpaka leo. Na jiwe la msingi, lililofunikwa gunia pale mlangoni, lilikuwa tayari limechongwa: "Kwa ukumbusho wa wazee waliojenga kanisa la kwanza." Wazee gani?

Ngendo alikuwa amesimama kwenye mkutano wa kamati ulioamua kulibomoa kanisa na kusema, akitazama viatu vyake, "Pengine tungelifikiria tena jambo hili, wazee wangu." Moffat akayageuza maneno yake, akamshukuru kwa kuwaunga mkono, watu wakapiga makofi, naye akaketi.

Sasa Wamucii alikuja na mtungi wa maji ya wapishi. Akauona ubao chini. Akautua mtungi, akaketi juu ya ubao, akanyoosha miguu.

"Mama Ngendo, keti kwingine. Tuko kazini."

"Nimechoka, Moffat."

"Umechoka na nini asubuhi hii?"

"Nilichoka ile siku niliubeba. Sijapumzika bado."

Kingori alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Moffat hakucheka.

"Mama, kanisa ni watu. Mbao ni mbao tu. Tunawajengea la mawe, na bado mnanuna?"

"Si nimeketi tu? Nani amenuna?"

"Mzee, niendelee ama niache?" Kingori akauliza.

"Endelea! Ng'oa ule mwingine. Hata mwalimu aliyesoma alituunga mkono mbele ya watu wote. Si ndivyo, mwalimu?"

Wote walimgeukia. Wapishi nao waliacha kumenya viazi. Ngendo alisikia lile jibu la adabu likipanda kooni, laini, tayari kabisa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akipapasa ubao kwa kiganja bila kumtazama mtu. Hasira ikampanda.

"Hapana," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Sikuwaunga mkono, Mzee. Nilitaka kusema msiliguse, nikawaogopa. Kanisa hili ni la mama zetu. Walilijenga ninyi hamko, na hilo ndilo linalowauma. Kingori, weka huo mtaimbo chini."