Vijiti Vitano vya Fundi

Kiharusi kilimkuta Fundi akimpima mteja kiuno, futi ikining'inia shingoni. Mkono wa kulia kilimwachia. Wa kushoto kikaulaza. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewavisha maharusi, makarani na watoto wa shule. Sasa alikuwa anafungwa vifungo vya blauzi na mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa basi mstaafu. Abiria walimbandika jina la Breki, maana hakuna aliyewahi kushuka kwenye basi lake bila kulalamikia shingo. Hakujua kukaa bure, na alipoona mkewe amekaa tu kwenye kochi, naye akaanza kukonda. Dada wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alileta mpira wa kuminyaminya. Fundi aliutazama, akasema, "Mimi si paka," na mpira ukaishia chini ya kochi.

"Basi mtafutie kitu kinachofanana na kazi yake," yule dada akamwambia Breki mlangoni. "Kuna watu wanafuma kwa vijiti. Mkono dhaifu unashika, mzima unazungusha uzi. Nyumbani tu, hakuna mtambo."

Breki hakuwahi kufuma chochote maishani. Alianza na mirija ya soda. Akapitisha uzi ndani ya kila mrija, akaikamata kama mtu aliyeshika karata, na duru ya pili tu ikakunjika yote. Akajaribu penseli, akabandika nyuzi kwa gundi, gundi ikamganda yeye vidoleni. Fundi alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho. Siku ya tatu Breki alishusha fimbo ya pazia la chumbani, akaikata vipande vitano vinavyotosha kiganjani, akavipiga msasa, kisha akatoboa tundu mwisho wa kila kimoja kwa msumari wa moto.

"Na pazia?" Fundi akauliza.

"Majirani watuone tu. Hatuna jipya."

Kwenye kila tundu alipitisha uzi mrefu, akaukunja mara mbili. Hizo ndizo nyuzi za mtande, zinazobeba kazi yote. Halafu akaanza kupitisha uzi mwingine kwenye vijiti: mbele ya hiki, nyuma ya kile, anafika mwisho, anageuka. Vijiti vilipojaa alitakiwa kuisukuma kazi iteremke kwenye mtande. Haikuteremka. Alivuta mpaka jasho likamtoka.

"Unaukaba," Fundi akasema.

"Nini?"

"Uzi. Umeukaba kama umekamata mwizi. Uache upumue."

"Nionyeshe."

"Kwa mkono upi?"

Breki alimwekea vijiti kwenye kiganja cha kushoto, akamfunga vidole kimoja kimoja. Vikaanguka. Akaviokota, vikaanguka tena. Hapo Fundi akapandwa na hasira, hasira yake ile ya zamani ambayo tangu hospitali hakuna aliyeiona. Akaubana ule mkono na vijiti vyake kwenye paja, akaanza kuzungusha uzi kwa mkono wa kulia. Alipomaliza mistari minne aliitazama, akaifumua yote.

"Hiyo ni aibu," akasema, akaanza upya.

Breki akaenda jikoni, akafungua makabati ambayo hakuwa akitafuta kitu ndani yake, mpaka macho yakamkauka.

Wiki ya pili vidole vilishika mstari mmoja kabla ya kulegea. Wiki ya nne Fundi aliinua vijiti kutoka pajani, akafuma vikiwa hewani. Akajua kuvivuta juu kimoja kimoja badala ya vyote pamoja. Akajua kubadilisha rangi pembeni ili fundo lisionekane. Mikanda aliyoifuma ikaanza kuning'inia kila mahali: kwenye kitasa, kwenye kiti, hadi shingoni kwa Breki.

Mdogo wake Breki, wifi yake Fundi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Alikuja Jumamosi asubuhi na mtu wa mkokoteni.

"Wifi, usinielewe vibaya," akasema. "Cherehani yako pale pembeni inaliwa na kutu bure. Kaka alishasema niichukue."

Fundi akamgeukia mumewe. Breki akaangalia viatu vyake.

"Nilisema mwezi ule wa kwanza wa ugonjwa," akajibu. "Ulikuwa hata huongei."

Fundi hakugombana. Alichukua mikanda miwili, akaketi kwenye cherehani. Breki akainuka ili amtungie uzi.

"Kaa."

Uzi ulikosa tundu la sindano mara tatu. Mara ya nne ukaingia. Akailaza mikanda ubavu kwa ubavu, akaweka mkono wa kushoto juu yake, akakanyaga pedeli. Cherehani ikakohoa, kisha ikashika mwendo. Mkono ulitetemeka, lakini ulikwenda na kazi, ukiisukuma taratibu mpaka mwisho. Fundi akakata uzi kwa meno.

Wifi aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hapa mwisho umepinda kidogo," akasema, ila mdomo ulikuwa umekwisha makali.

"Nimeona. Kesho hautapinda."

Mtu wa mkokoteni akachungulia, akauliza kama wanabeba au hawabebi.

"Tunabeba," Fundi akasema. "Meza yangu ya kukatia iko stoo, wameizika chini ya madumu. Irudi hapa dirishani. Wifi, kamata upande mmoja. Wewe una mikono miwili, na pumzi unayo ya kutosha."

Wifi akacheka, akakunja mikono ya gauni, akatangulia stoo.