Bakteria Asiye na Alama

Katika maabara ya Profesa Mokarram, jijini Dhaka, hakuna ramani ya DNA inayokubaliwa kabla haijaliwa. Mwenye matokeo hununua boksi la sandeshi, vitamu vya maziwa, kila mtu hula, na baada ya hapo kubisha ni utovu wa adabu. Safari hii alinunua Profesa mwenyewe, ingawa matokeo yalikuwa ya mwanafunzi wake Rehnuma, na ingawa ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshampigia marufuku vitu vitamu.

"Kula, mama," alimwambia. Wasichana wote aliwaita mama.

Bakteria wa kipindupindu ana mkasi wa kukatia DNA ya virusi vinavyomvamia. Ili asijikate mwenyewe, hujichapa alama ndogo za kemikali kwenye DNA yake, na mkasi ukiziona hupita. Rehnuma alikuwa amechora ramani ya alama za bakteria mmoja aliyetoka kwa mgonjwa wa Barisal. Ramani ilitoka tupu. Profesa akaona muujiza: bakteria asiye na ulinzi, ambaye kumnywesha mgonjwa virusi tu kungetosha kummaliza. Akampa jina la Jahanara, mama yake mzazi, aliyekufa kwa kipindupindu. Kumpa muuaji jina la marehemu kuliwashangaza wote, lakini nani aulize. Alhamisi angemtangaza mbele ya waziri. Jahanara ndiye aliyekuwa sura ya mwisho ya tasnifu ya Rehnuma, na bila saini ya Profesa miaka yake yote pale ingekwenda na maji.

Rehnuma alikuwa anatafuna huku akitazama skrini. Jeni ya mkasi ilikuwa pale, nzima, haina ila. Bakteria mwenye mkasi na asiye na alama angekuwa ameshajikatakata kabla ya chai ya asubuhi. Na Jahanara alikuwa kwenye kabati la joto, ananawiri na kunuka.

Ndipo akakumbuka. DNA ilikuwa tone dogo, naye akaizidisha kwa mashine. Pale kila kitu kilizidishwa. Profesa ndiye aliyewazoesha, na kwa kusoma herufi ilifaa sana. Lakini mashine hunakili herufi tu, alama haizijui. Rehnuma alikuwa amechora, kwa uangalifu mkubwa, ramani ya nakala. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Una nini wewe?" aliuliza Shibli, jirani yake wa meza. "Umeona jini?"

"Niliizidisha."

Shibli akaacha kutafuna. "Tumeshakula, dada. Nyamaza, uhitimu, uende zako. Mwingine atagundua."

"Na wagonjwa watakaonyweshwa hivyo virusi wakimsubiri huyo mwingine?"

Shibli akatafuta pa kutema, hakupaona, akameza.

Rehnuma akaotesha Jahanara upya, chupa tele, ili DNA itoshe bila kuzidishwa. Ramani ikatoka imejaa alama kila pembe. Jumatano akanunua sandeshi, akabisha hodi kwa Profesa.

"Nani kapata matokeo?"

"Mimi. Ni ya yuleyule, Profesa, ila haya ni ya kweli." Akamweleza yote. "Kosa ni langu."

Profesa akaipitisha ramani kidole, pembe hadi pembe. "Bi Rehnuma," akasema, na Rehnuma akajua kwamba saini imekwenda. "Kwa hiyo ana ulinzi."

"Kamili."

"Waziri ameshapewa hotuba."

"Najua."

"Mama alipokufa nilikuwa hata shule sijaanza," alisema Profesa. "Nilitaka angalau mmoja wa hawa bakteria awe dhaifu."

Huruma ambayo Rehnuma alimwonea ilizidi woga aliokuja nao.

Profesa akapiga simu wizarani, akasema kesho hakuna tangazo. Akaulizwa sababu. "Tumekosea," akajibu, akakata. Kisha akalivuta boksi, akala sandeshi moja polepole mpaka ikaisha.

"Sura ya mwisho utaiandika upya, nitaitia saini," alisema. "Jina la mama yangu lifute. Huyo mpe namba."

Akamsogezea boksi.

"Kula nawe, mama. Bado hatujaikubali ramani."