Chini ya Meza, Mbele ya Wakwe

...na sasa niko chini ya meza, mtu mzima na kipara changu, magoti yamebana kitambi, kisa upepo umebamiza mlango, pa! na mimi huyo, mbele ya wakwe waliokuja kumposa binti yangu, nimezama kama panya aliyewashiwa taa, kikombe mkononi, chai haikumwagika, angalau hilo wanisifu... ningesema natafuta miwani, lakini miwani ninayo puani, ndiyo maana naviona viatu vyao vizuri, vya baba wa kijana vinang'aa, mama wa kijana kavua kimoja, kidole gumba kinapunga hewa, "Ni presha?" ananong'ona, "Wala," mke wangu anajibu, "ndivyo alivyo," kwa sauti ile ile aliyomjibu meneja wa hoteli, ugenini, nilipoteremka ngazi zote na taulo kiunoni nikipiga kelele za moto, kumbe king'ora chenyewe ni simu yangu, niliitega iniamshe, nimezunguka nchi za watu nikilala na viatu, nikinusa mitungi ya gesi isiyo yangu, samaki nampekua miiba kama askari wa uwanja wa ndege, na katika yote hayo sijafa hata mara moja... "Kijana amepata kazi huko nje," baba yake anaendelea, kwa adabu, kana kwamba anazungumza na meza, "wataondoka baada ya harusi, tunangoja neno la mzee," huko nje, mama yangu wee, ndege, barafu, ngazi zinazoteleza, nani atamkagulia jiko kabla ya kulala, nani atausukuma mlango kuhakikisha umefungwa... na hivi hapa viatu vya binti yangu, karibu na pua yangu, mlango ulipolia havikushtuka, vimetulia tu, kamba za viatu nilimfunga mimi mpaka siku aliponisukuma mkono, "Baba, naweza," na kweli akaweza, ila sasa kisigino kinatetemeka, tangu waliposema neno la mzee kinatetemeka, huyu haogopi ndege, haogopi barafu, ananiogopa mimi, anaogopa nitasema hapana, lahaula, miaka yote nakagua madirisha, kumbe hatari ya nyumba hii ni mimi...

"Nimekubali!" nasema, napigiza kichwa kwenye ubao, vikombe vinacheza, kisigino kinatulia, "nimekubali, aende, ila mniahidi, hukohuko, kabla ya kulala mtu aangalie jiko, na mlango, na..."

"Mkwe," anasema mama wa kijana, akitafuta kiatu chake kwa mguu, "anayeolewa ni binti yako, si wewe. Toka."